Moyo kwenda mbio kwa wasiwasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa nje, na kazi yangu kubwa ya asubuhi ni kupima watu presha. Vilevile nina moyo unaoruka pigo. Maswali yaliyomo humu nimeyasikia mezani kwangu mchana, na mengine nimejiuliza mwenyewe usiku wa manane. Majibu ni ya mtu mzima ambaye moyo wake umeshapimwa ukaonekana mzima, au anayejiandaa kwenda kupima. Kama sasa hivi kifua kinakubana, pumzi haitoshi au umezimia, acha kusoma, nenda hospitali.

## Kwanza tuelewane

1. Moyo "kwenda mbio" ni nini hasa?

Ni kuusikia moyo ukifanya kazi ambayo kwa kawaida huisikii. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, karibu mara 100,000 kwa siku, na mwenyewe hana habari nao. Siku moja anapata habari. Huyu atakuambia unadunda kama ngoma ya mdundiko, yule unapapatika kama kuku aliyefungwa miguu, mwingine anausikia sikioni akilalia mto. Yote tunayatia kapu moja ingawa si kitu kimoja. Kwa mwenye wasiwasi mara nyingi ni moja kati ya mawili: moyo unaokwenda haraka lakini kwa mpangilio, au moyo unaoruka pigo.

2. Moyo unaruka pigo moja, kisha unanipiga paa! Huwa unasimama?

Hausimami. Kilichotokea ni kwamba pigo moja limewahi. Sehemu ndogo ya msuli wa moyo imejiwasha kabla ya zamu yake, wakati chumba hakijajaa damu, kwa hiyo pigo hilo ni dogo na pengine halifiki hata mkononi. Baada yake moyo unangoja kidogo ili urudi kwenye mpangilio. Huo ndio ule ukimya unaokutoa jasho. Katika kungoja, damu imejaa kuliko kawaida, na pigo linalofuata linaisukuma yote kwa mkupuo. Kishindo unachokiogopa ni pigo la kawaida lililobeba mzigo mkubwa kidogo.

Watu wengi wasio na ugonjwa wowote wakivalishwa mashine ya kurekodi kwa saa 24 hukutwa na mapigo ya mapema. Wengi hawayasikii, wewe unayasikia. Kwenye moyo wenye umbo zima, mapigo machache ya namna hii hayana madhara. Wenye maelfu kwa maelfu kila siku hufuatiliwa na daktari wa moyo, kwa kuwa wingi huo ukikaa muda mrefu unaweza kuuchosha msuli.

3. Si ndiyo presha hii?

Hapana, na hakuna swali ninaloulizwa kama hili. Kwetu presha ni jina la kila kitu. Mtu akipata habari mbaya, presha imepanda. Akisikia kizunguzungu, imeshuka. Timu yake ikisawazishiwa dakika ya 90, imempa presha.

Angalia kioo cha mashine kina namba tatu. Mbili za juu ndizo presha, yaani nguvu ya damu kwenye mishipa. Ya tatu, iliyo chini karibu na alama ya moyo mdogo, ni idadi ya mapigo kwa dakika. Mtu anaweza kuwa na 118 kwa 76, presha nzuri kabisa, huku mapigo yakiwa 112. Mwingine anakaa na 180 kwa 110 na moyo wake haumwambii neno, maana presha ya kupanda mara nyingi haina dalili. Kwa hiyo usimeze vidonge vya presha vya jirani kwa sababu moyo umedunda, na usiache kupima kwa sababu haujadunda.

4. Wasiwasi uko kichwani. Unaufikiaje moyo?

Ukikanyaga kitu kinachoteleza gizani ukadhani ni nyoka, mwili haungoji uthibitisho. Adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unaongeza kasi, misuli inapata damu ya kukimbilia, mdomo unakauka, viganja vinatoa jasho. Ukimulika na kukuta ni mpira wa maji, mambo yanatulia taratibu.

Mtambo huohuo ndio unaowashwa na ujumbe wa mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, na matokeo ya mtoto yasiyojulikana, na mama anayeumwa kijijini. Hapo hakuna cha kumulika wala pa kukimbilia, basi moyo unabaki unangurumisha injini gari likiwa limesimama. Kisha wewe unausikia, unajiambia "leo nakufa", na wazo hilo ni nyoka wa pili. Adrenalini nyingine inamwagika. Duara hili ndilo tatizo lenyewe, na karibu kila ushauri wa hapa chini ni namna ya kulikata.

5. Mbona unanianza nikiwa nimekaa zangu nimetulia?

Ni kawaida, wala haipingani na wasiwasi. Mchana una kelele na shughuli, na moyo unaporuka huusikii. Ukikaa, mapigo yanapungua kasi, nafasi kati ya pigo na pigo inapanuka, na lile la mapema linapata pa kupenyea. Tena wasiwasi si lazima uwe na sura ya woga. Mtu anayekaza taya usiku, anayelala saa nne kwa mwezi mzima akiuguza, atakuambia hana wasiwasi wowote, amechoka tu. Mwili una hesabu zake.

6. Daktari kasema "ni mawazo tu". Ina maana ninajifanya?

Hujifanyi. Mapigo ni ya kweli, yanaandikika kwenye karatasi. Neno "tu" ndilo lililokosewa hapo, na ninakiri nasi wauguzi tunalisema mno foleni ikiwa ndefu.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1871 daktari Jacob Mendes Da Costa wa Philadelphia aliandika kuhusu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani waliolalamika moyo kudunda, kifua kuuma na pumzi kukata, ilhali mioyo yao ikikaguliwa haionekani na ugonjwa. Vita Kuu ya Kwanza ilileta wengine kwa maelfu, na hali hiyo ikaitwa moyo wa askari. Hao walikuwa wanaume waliosimama mbele ya mizinga, si watu wa kudeka.

## Nitajuaje kuwa si ugonjwa wa moyo?

7. Dalili zipi nisizisingizie wasiwasi?

Nenda hospitali saa hiyohiyo, na usiendeshe wewe, kama moyo kwenda mbio umeambatana na kuzimia au kukaribia kuzimia, maumivu ya kifua yanayobana na kupanda tayani au mkononi, kukosa pumzi kusikopungua, au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili. Vivyo hivyo kama mapigo yamepita 150 ukiwa umekaa na hayashuki.

Panga kumwona daktari siku hizi hizi, usingoje mwezi ujao, kama:

- unaruka pigo, au unadunda kuliko shughuli yenyewe inavyodai, *ukiwa katikati ya* kukimbia au kubeba mzigo, si baada yake;
- kwenye ukoo kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana, chini ya miaka 40;
- unaanza ghafla kama umewashwa na swichi na kuzima vilevile;
- mpangilio umevurugika kabisa kwa dakika nyingi, si pigo moja moja linaloruka;
- uliwahi kuambiwa una tundu au kasoro ya moyo, au utotoni uliugua viungo kuvimba na homa baada ya koo kuuma.

Hilo la mwisho kwetu Afrika Mashariki lina uzito wake. Koo lisilotibiwa utotoni linaweza kuleta homa ya rumatiki, ikaharibu vali za moyo kimyakimya, na mtu akaja kujua ukubwani, wengine wakiwa wajawazito.

8. Nikapime nini, na wapi?

Huna haja ya kuanzia Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Anza kwenye hospitali yoyote yenye mashine ya ECG. Unalala kitandani, unabandikwa waya kifuani, mikononi na miguuni, na kwa dakika chache mashine inachora umeme wa moyo wako kwenye karatasi ya viboksi. Haiumi, haikuingizii umeme wowote. Pamoja nayo daktari atakusikiliza moyo, atapima presha, wingi wa damu na mara nyingi homoni za tezi ya shingoni. Akisikia sauti asiyoipenda, au historia yako ikimtia shaka, atakuandikia echo, ambayo ni picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kama ile ya wajawazito.

Omba nakala ya karatasi ya ECG uihifadhi. Siku nyingine, hospitali nyingine, daktari akitaka kulinganisha, karatasi hiyo itakuokolea hela.

9. ECG ilikuwa safi, lakini siku hiyo moyo ulikuwa umetulia. Niiamini vipi?

Swali zuri. ECG ya kawaida inashika sekunde 10 hivi za maisha yako, kwa hiyo inaweza kuukosa mdundo wenyewe. Hata hivyo inaonyesha alama za magonjwa kadhaa ambazo hubaki hata moyo ukiwa umetulia, na ndiyo sababu safi yake ina maana. Kama mapigo yanakuja karibu kila siku, kuna kimashine cha kuvaa saa 24 au zaidi, huitwa Holter. Unakivaa, unakwenda kazini, unalala nacho, na unaandika saa uliyosikia moyo ukiruka. Daktari akilinganisha daftari lako na rekodi, kwa wengi hukuta mapigo ya mapema, au hukuta moyo ulikuwa unapiga kawaida kabisa dakika ileile uliyoandika "naona nakufa".

Kinachofuata ndicho kigumu: kukubali jibu. Nimeona watu wenye ECG saba kwenye mfuko wa rambo, za hospitali saba, zote safi. Ya nane haitawaponya. Kupima tena kuna sababu pale dalili zinapobadilika (Swali la 7). Kupima ili utulie hukutuliza kwa siku tatu tu.

10. Kuna visivyo moyo wala wasiwasi vinavyofanana na hivi?

Vipo, na ndivyo ninavyotaka vitafutwe kabla mtu hajaambiwa ana wasiwasi. Upungufu wa damu ndio wa kwanza, hasa kwa wanawake wenye hedhi nzito. Himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito, moyo unalazimika kukimbiza damu kidogo iliyopo. Tezi ya shingoni ikizidisha kazi, mtu anakonda huku anakula, mikono inatetemeka, joto halimwishi. Homa yoyote, malaria ikiwamo, inaongeza kasi. Kuharisha na kukosa maji pia. Halafu zipo dawa: ya kuvuta ya pumu (salbutamol), baadhi za mafua zinazofungua pua, amitriptyline (ya sonona na maumivu ya neva). Mwambie daktari *kila* unachokunywa, hata unga wa sokoni wa kupunguza unene.

11. Nitahesabuje mapigo nyumbani?

Kaa dakika tano. Weka vidole viwili, si dole gumba, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Fanya hivyo unapotaka kumwelezea daktari, kisha ondoa mkono. Kwa nini nasema uondoe mkono, soma Swali la 17.

## Dakika ile yenyewe

12. Moyo umeanza kudunda sasa hivi. Nifanye nini?

Kama hakuna dalili za Swali la 7, fanya kidogo kuliko unavyotamani. Kaa, au egemea ukuta. Usiinuke kutafuta mashine. Legeza mabega, yatakuwa yamepanda masikioni bila wewe kujua. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo litoke, si kifua. Toa taratibu ukihesabu hadi sita, midomo imebana kama unapoza uji. Hapo unapumua kama mara sita kwa dakika. Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo yenye kazi, kwa sababu inaamsha neva inayoupunguza moyo kasi. Fanya dakika tano.

Usivute pumzi kubwa kubwa harakaharaka. Watu wanadhani wanakosa hewa, wanaivuta kwa pupa, na kwa kufanya hivyo wanapoteza hewa chafu mwilini kupita kiasi. Ndiyo maana vidole vinafanya ganzi, midomo inachoma, kichwa kinakuwa chepesi. Ganzi hiyo inawatisha kuliko moyo wenyewe. Wala usijifunike mfuko usoni. Ushauri huo ni wa zamani na una hatari.

Halafu sema na moyo. Nasema kweli. Mimi huuambia, "Piga tu, mimi naendelea." Ukishindana nao uutulize kwa nguvu, ni adrenalini tena. Hofu kali ya ghafla hufika kileleni kwa kama dakika 10 na kuanza kuteremka. Unachotakiwa ni kuwapo inapoteremka, bila kukimbia, ili mwili ujifunze kuwa inateremka yenyewe.

13. Ule ujumbe wa WhatsApp wa kukohoa kwa nguvu ili kuokoa moyo ni wa kweli?

Usiufuate. Mtu mwenye shambulio la moyo anahitaji hospitali, si kukohoa peke yake chumbani, na mwenye wasiwasi akikohoa dakika kumi anabaki na wasiwasi na koo. Kuna njia ya kujikamua, kama mtu mwenye choo kigumu, ambayo madaktari huwafundisha wagonjwa wa aina moja ya moyo unaowaka kama swichi. Kama hukufundishwa, si yako. Na usijikande shingo.

14. Usiku nikilala tu, moyo unaanza.

Geuka. Ukilalia ubavu wa kushoto moyo unasogea karibu na ukuta wa kifua na unausikia zaidi, haujabadilika, umesogea. Lala ubavu wa kulia au chali ukiinua kichwa kidogo. Washa feni, hata kama hakuna joto, kwa ajili ya mvumo wake. Ukishapita kama dakika 20 macho makavu, inuka, kaa kwenye kiti, fanya kitu cha kuchosha akili: kuchambua mchele, kukunja nguo. Simu hapana. Mtu akitafuta "moyo kuruka pigo" saa nane usiku hakuti usingizi humo.

15. Inanikamata kwenye daladala, nashindwa kukaa.

Najua. Mara yangu ya kwanza nilikuwa nimesimama mlangoni kuelekea Mbagala, Dar es Salaam, konda anatusukumia ndani, mkono mmoja kwenye bomba na mwingine shingoni unatafuta mshipa. Nilishuka Mtoni kwa Azizi Ally, nauli ya safari nzima nimeshalipa. Moyo ukatulia palepale kituoni, na hilo ndilo lilikuwa kosa: mwili wangu ulijifunza kuwa daladala ni hatari na kushuka ni dawa. Kwa miezi mitatu nilitembea kwa miguu au kwa bodaboda nisizo na hela nazo.

Nilirudi kwa vituo. Wiki ya kwanza vituo viwili, moyo udunde au usidunde, sishuki kabla ya pale nilipopanga. Wiki iliyofuata vinne. Ni vilevile kwa msikiti, kanisa, foleni ya benki. Kaa pembeni ukitaka, lakini kaa.

## Maisha ya kila siku

16. Niache chai? Na miraa?

Chai ya kawaida haimdhuru mwenye moyo mzima, ila watu hatufanani. Jaribu wiki mbili bila kahawa na chai ya rangi, kisha rudisha uone. Punguza kidogo kidogo, la sivyo kichwa kitakuuma. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya huweka kikomo cha mtu mzima kuwa miligramu 400 za kafeini kwa siku. Kopo dogo la kinywaji cha kuongeza nguvu lina kama 80, na vijana wa bodaboda wananywa manne, tumbo tupu, usiku.

Miraa ni habari nyingine. Jani bichi lina kathinoni, ndugu wa amfetamini (dawa inayochangamsha mwili), na inaongeza kasi ya moyo na presha moja kwa moja. Anayetafuna jioni na kulalamika moyo unamdunda usiku hana fumbo lolote. Sigara vilevile. Pombe hucheza mchezo wa kuchelewa: jioni inakutuliza, alfajiri ikiisha mwilini moyo unakuamsha.

17. Ninunue mashine ya presha, au saa inayohesabu mapigo?

Kama daktari hajakuagiza, usinunue.

Alinijia mama mmoja, muuza vitenge, na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Kaifungua mezani. Saa 12:10 asubuhi, presha namba ya juu 134. Saa 12:14, 139. Saa 12:19, 147. Karatasi ilijaa pande zote mbili, vipimo vya siku moja tu, na kila alipopata namba kubwa alipima tena kuhakiki, akapata kubwa zaidi. Nilimkalisha kwenye benchi nikamuuliza bei ya vitenge vya wax na za wanaoiga. Baada ya robo saa alikuwa na 126.

Saa za mkononi ni hivyohivyo. Zinasaidia wachache wenye tatizo linalokuja mara moja moja. Kwa mwenye wasiwasi zinakuwa kidole shingoni kisichobanduka. Moyo ukichungwa unaharakisha. Mwenye mashine tayari, aipe ndugu, apime siku na saa zilizopangwa na daktari, basi.

18. Naweza kufanya mazoezi?

Ukishapimwa ukaambiwa moyo ni mzima, ndiyo, na ni dawa nzuri kuliko nyingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukutoa jasho. Anza na kutembea haraka. Faida moja haisemwi sana: unazoea kuusikia moyo ukidunda kwa sababu unayoijua, na mdundo wenyewe unapoteza utisho. Mapigo machache yakiruka unapopoa baada ya mbio, usijali. Yakija katikati ya mbio pamoja na kizunguzungu, simama, rudi Swali la 7.

19. Kuna dawa?

Zipo, kwa cheti cha daktari. Propranolol hupunguza kasi na kutetemeka, lakini inaweza kumbana vibaya mwenye pumu, na aliyeizoea haiachi ghafla. Diazepam inatuliza usiku wa leo na kukufunga kamba mwezi ujao. Usinunue kwa siri duka la dawa. Hofu ikiwa imetawala maisha, dawa kama sertraline au fluoxetine hutumika, huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na siku za mwanzo zinaweza kukuongezea mchecheto. Ujue hilo kabla, usizitupe siku ya nne.

Kinachosaidia sana na hakimezwi ni tiba ya mazungumzo inayofundisha kubadili fikra na mwenendo. Ulizia kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa au ya rufaa. Mlango huo si wa vichaa, nimeshaupita mwenyewe.

20. Nyumbani wanasema ni jini, au nimerogwa.

Sitaingia nyumba ya mtu kumfundisha dini. Dua, sala na kisomo huwatuliza wengi, na pumzi ndefu ya mtu anayesoma taratibu inafanana sana na ile ya Swali la 12. Ninachoomba ni viwili. Kapime kwanza. Na usinywe dawa ya mitishamba usiyojua jina lake, maana baadhi ya mimea huugusa moyo wenyewe, na humo ndimo wasiwasi usio na madhara unapogeuka sumu yenye madhara.

## Hali za pembeni

21. Nina mimba ya miezi sita, moyo unadunda nikipanda ngazi.

Damu yako imeongezeka karibu nusu ya ilivyokuwa, na moyo unapiga mara 10 hadi 20 zaidi kwa dakika. Mengi ni ya kawaida. Mwambie mkunga siku ya kliniki, wakague wingi wa damu. Lakini ukikosa pumzi ukilala chali, miguu ikivimba ghafla au ukikohoa usiku, kabla ya kujifungua au miezi ya mwanzo baada yake, nenda siku hiyohiyo. Moyo unaweza kudhoofika kipindi hicho.

22. Nikifunga Ramadhani unazidi.

Mara nyingi ni maji na chai. Asubuhi umekosa kikombe ulichozoea, alasiri mwili umekauka, futari ikaja na sukari nyingi kwa mkupuo. Anza kupunguza kahawa Shaabani, kunywa maji kidogo kidogo kuanzia futari hadi daku, na usilale tumbo likiwa limejaa. Mwenye dawa za moyo amuulize daktari kuhusu saa za kumeza kabla ya mwezi kuandama.

23. Nina miaka 48, unakuja na joto la ghafla.

Hedhi inapokaribia kukoma, homoni hufanya hivyo. Pima kama kawaida. Umri huo wengine huanza presha na tezi pia.

24. Mke wangu ndiye anayo. Nimsaidieje?

Usimwambie "tulia", hakuna aliyewahi kutulia kwa kuambiwa. Usimkimbize hospitali kila mara baada ya kupimwa; zijueni pamoja dalili za Swali la 7, zisipokuwapo kaa naye, pumua naye polepole, kisha mrudie mlichokuwa mkizungumza. Na akikuuliza kwa mara ya kumi "sitakufa?", jibu mara moja, kwa upole, halafu mwombe akusaidie kumenya viazi.

25. Itaisha kabisa?

Kwa wengine, ndiyo, mzigo ukipungua. Kwa wengine inakwenda na kurudi: msiba, mtihani, usingizi mbovu, nayo inapiga hodi. Ikirudi, haimaanishi umeanza upya wala kwamba vipimo vilikosea.

Yangu haijaisha. Jana asubuhi nilikuwa namfunga mzee mmoja mkanda wa mashine, moyo ukaniruka mara mbili. Nikaendelea kufunga. Alikuwa na 128 kwa 80, mapigo 74, nikamwandikia kwenye kadi.